Kaka anaumia ghalani Marekani akijua nyumba imeezekwa, na mi paa sijaweka

Shikamoo anti,

Naomba jina langu lisitoke kabisa maana Kigoma mji mdogo, na hii safu yako inasomwa mpaka Kibirizi kwenye chanja za dagaa, nimewaona kwa macho yangu kina mama wakisomeana.

Mi ni mwanaume wa miaka 33, nina mke na watoto wawili, tunaishi Ujiji. Kazi yangu dagaa. Nanunua mwaloni, naanika, nauzia watu wanaosafirisha kwenda Tabora na Dar. Sio tajiri ila watoto hawalali njaa.

Nina kaka yangu wa tumbo moja, kanizidi miaka sita. Baba alipofariki yeye ndo alinisomesha mpaka form four kwa kubeba mizigo bandarini, kwahiyo kwangu ni kaka na ni baba hapo hapo. Mwaka 2019 bahati nasibu ya green card ikamwangukia akaondoka, sasa hivi yuko Ohio, mji unaitwa Columbus. Anafanya kazi ghalani kwa kampuni moja kubwa ya rejareja, zile unachagua kitu kwenye simu wanakuletea mlangoni, jina silitaji. Analipwa kwa saa. Siku aliyotuambia ni dola 19 kwa saa, baba mdogo alichukua simu akazidisha, ikaja elfu arobaini na saba na ushee, akapiga yowe, yaani saa moja! Kibarua wa zege hapa kwetu anashinda juani kutwa nzima hapati hata nusu yake. Kuanzia siku ile kila shida ya ukoo ina jina la kaka.

Nikuelezee kidogo kazi yenyewe maana mi ndo huwa ananimwagia moyo. Anaingia saa kumi na mbili na nusu jioni anatoka saa kumi na moja alfajiri, siku nne kwa wiki. Anasimama sehemu moja kama kizimba, mashelfu yanakuja yenyewe yamebebwa na mashine za chini chini kama kobe, yeye anachomoa kitu, anaskani, anaweka kwenye beseni la plastiki, anachomoa kingine. Kuna skrini inamhesabia sekunde. Anatakiwa vitu kama mia tatu kwa saa, usiku mzima. Skana ikikaa kimya dakika kadhaa supavaiza anakuja na laptop kuuliza ulikuwa wapi, hata kama ulikuwa chooni. Break ni dakika 15 lakini kutembea mpaka chumba cha kupumzikia ni dakika nne na kurudi nne, hapo bado hujatafuna kitu. Alafu kila mtu ana akaunti yake ya saa za ruhusa zisizolipwa, ukichelewa kidogo inakatwa saa nzima, zikiisha na kazi imeisha, hakuna cha kuitwa kikaoni.

Akitoka anatupigia akiwa ndani ya gari kwenye maegesho, huku inakuwa saa sita mchana. Ikifika Novemba anapiga saa saba, mama anasema mwanangu siku hizi anachelewa kuamka. Hajui wenzetu wanarudisha saa nyuma, na hajui kwamba mtu ndo kwanza anaenda kulala.

Novemba na Desemba ndo msimu wao, watu wananunua zawadi za sikukuu, wanalazimishwa siku tano kwa wiki, kila siku kazi ya urefu wa saa 11 mpaka 12. Hapo hela inakuja nzuri. Januari sasa wanaambiwa mzigo hakuna, anayetaka kurudi nyumbani arudi, na saa hizo hazilipwi. Na Januari ndo huku kuna ada, yunifomu, madaftari, kwahiyo hela ikipungua inaonekana kaka kabadilika, kapata mzungu.

Sasa nije kwenye kosa langu anti. Kaka alinunua kiwanja Mwandiga mwaka 2021, tukapandisha pole pole, msingi, ukuta, mpaka linta, mi ndo msimamizi. Aprili 2024 akatuma 6,800,000 ya kuezeka, hela ya msimu aliyoitunza. Wakati huo serikali ilishatangaza Ziwa Tanganyika litafungwa, kuanzia 15 Mei mpaka 15 Agosti hakuna kuvua. Sisi watu wa dagaa wote tulikuwa na wazo moja, jaza stoo saizi, uza Julai zikiadimika. Nikachukua 4,000,000 humo. Nikasema naizungusha miezi miwili mitatu, kaka ataezekewa kwa bati zuri zaidi na mi nabaki na faida yangu. Sikumwambia.

Nikakodi stoo Gungu, magunia sita. Mvua za mwisho mwisho mwezi wa tano zikanikuta niko msibani Kasulu siku tatu. Paa la ile stoo lilikuwa linavuja kwenye kona, sikulikagua. Nimerudi nafungua mlango harufu ikanipokea. Dagaa zimeota ukungu zimeshikana kama keki. Zilizopona hazikufika gunia moja na nusu, zingine niliuza kwa watu wa chakula cha kuku. Nikaokoa laki nane, nayo ikaondoka na madeni. Zile 2,800,000 zilizobaki, mbao nilinunua kweli zipo, nyingine mama aliugua tukalala naye hospitali ya Maweni, zikaisha.

Kaka akawa anaomba picha, mara fundi kasafiri, mara bati zimechelewa, uongo ukaniishia. Pale pale site kuna jirani alikuwa anaezeka, ramani zinafanana maana fundi wetu ni mmoja. Nikapiga picha ya nyumba ya jirani nikatuma. Anti, kaka alilia kwenye simu. Akaniambia mdogo wangu Mungu akubariki. Ile picha kaiweka kwenye skrini ya simu yake mpaka leo, anasema ikifika saa nane usiku miguu haina hisia, anaiangalia kwenye break anarudi kizimbani. Nyumba yake ya kweli majani yamefika dirishani na mbuzi wa majirani ndo wanalala sebuleni.

Desemba iliyopita akaumia. Alikuwa anashusha gunia la chakula cha mbwa kutoka shelfu ya juu, akasikia kiuno kama kimechanika. Hakuripoti, aliogopa wataona hafai na msimu haujaisha. Anafunga mkanda na anameza vidonge vya maumivu vya pale pale kazini. Ni miezi saba sasa. Kaniapisha mama asijue.

Mwezi uliopita akaniambia hivi: mdogo wangu Februari narudi, mwili umegoma, si nyumba ipo, nakuja na begi langu naingia, mengine yatajulikana. Alafu akasema na hii ndo inaninyima usingizi, akasema kusingekuwa na ile nyumba ningejikaza msimu mmoja zaidi.

Kwahiyo anti nikisema ukweli, atabaki amalizie mgongo wake kule. Nisiposema, anakuja Februari anashukia kwa mbuzi. Mke wangu anasema nyamaza, tuchukue mkopo wa haraka, hawa kausha damu, tuezeke kabla hajaja, hatajua maisha yake yote. Mi nikipokea simu saa sita mchana mkono unatetemeka. Nifanyeje?

Mdogo wa mtu, Kigoma

*

Marahaba mwanangu,

Barua yako nimeisoma mara mbili, ya kwanza nilikasirika kwa niaba ya kaka yako, ya pili nikakuonea huruma na wewe, na nadhani zote mbili zina nafasi yake hapa.

Nirudie nilichokielewa. Kaka yako anatoa mwili wake kwa saa, wewe ulipewa matunda ya saa hizo uyatunze, ukayaweka kwenye biashara bila kumwambia, biashara ikaharibika, ukaficha kwa picha. Hadi hapo ni jambo la hela na aibu, ndugu wengi wamepita humo. Ila barua yako imebadilika pale kaka aliposema anarudi kwa sababu nyumba ipo. Sasa ile picha imeacha kuwa ya kuficha deni, imekuwa ndo anapimia mgongo wake. Anajiuliza nibaki au nitoke, na jibu analitafuta kwenye nyumba ya mtu mwingine. Hilo mwanangu ndo nimelikazia macho kuliko hata hizo milioni nne.

Tuanze na milioni nne hata hivyo, maana naona zimekuwa mlima kichwani kwako. Kwa bei unayosema ya dola, ni kama dola 1,600. Kwa dola 19 kwa saa ni saa 84, yaani usiku nane na kidogo wa kusimama kizimbani. Hiyo ni kabla ya makato. Kule kwanza wanakata asilimia 7.65 ya mfuko wa hifadhi ya jamii na bima ya afya ya wazee, alafu inakuja kodi ya mapato, alafu yeye alipe pango, gari, maana bila gari kwenye ghala kama hilo mara nyingi hufiki, mafuta, bima, chakula. Kwahiyo kuweka kando dola 1,600 hakukumchukua usiku nane, inawezekana ni miezi. Siandiki hivi nikuumize. Naandika kwa sababu mbili, moja baba mdogo akizidisha tena kwenye simu umwonyeshe na upande wa kutoa, na ya pili, deni lenye namba linalipika. Wewe umeishi nalo miaka kama halina mwisho kwa sababu hujawahi kulitaja kwa sauti.

Sasa niulize maswali machache, usinijibu mimi.

Unasema ukimwambia ukweli atabaki amalize mgongo wake. Una uhakika? Alichosema ni kwamba kusingekuwa na nyumba angejikaza. Lakini nyumba haijakosekana, kiwanja kipo, ukuta upo mpaka linta, mbao zipo. Kilichokosekana ni bati na fundi. Mtu anayeambiwa "nyumba hakuna" na mtu anayeambiwa "kuna kuta, kuna mbao, paa bado na hela yake niliipoteza mimi" hawaamui kitu kimoja. Pengine atasema narudi nikae kwa mama miezi mitatu. Pengine atasema nabaki kweli. Sijui, na wewe hujui, ila umeshamjibia. Umemfanyia uamuzi mara ya kwanza ulipozungusha hela yake, usijikute unamfanyia mara ya pili kwa jina la kumlinda.

Swali lingine ni la mama. Una uhakika hajui? Mi nimekulia Tabora, marehemu baba alikuwa kuli pale kwenye magodauni ya stesheni, analipwa kwa gunia. Kuna mwaka aliumia mgongo akatuficha watoto wote, anatoka asubuhi anaimba kabisa. Ila tulikuwa tunamwona mama anapiga magoti mlangoni kumfunga kamba za viatu. Hakuna aliyeuliza. Mama yako anamsikia mwanae kila siku kwenye simu, na huyo anayesema mwanae anachelewa kuamka pengine anajua zaidi ya hayo ya saa. Na ona mlivyo nyie ndugu wawili, yeye anamficha mama mgongo, wewe unamficha yeye paa, kila mmoja anaamini anabeba mzigo kwa ajili ya mwenzake. Mmefanana sana.

Nije kwenye ushauri wa mkeo. Simlaumu, anatetea nyumba yake na watoto wake, na ndani yake kuna kitu kizuri, kwamba anataka paa lirudi. Ila kausha damu mwanangu, jina lenyewe limeshajieleza. Unachukua mkopo wa riba kali kwa dhamana ya nini, vyombo vya ndani, friji, mtaji? Mvua ikichelewesha dagaa wiki mbili wanakuja kubeba. Utakuwa umeziba tundu kwa kaka umefungua kwa wanao. Na hata ukifanikiwa, bati likang'aa Januari, jirani yupo, fundi ni yule yule mmoja, watoto wa site wanaongea. Kaka akifika atakaa hapo miaka, siku moja fundi atamwambia kwa nia njema kabisa, hii nyumba yako tuliezeka juzi tu kabla hujaja. Hapo atahesabu tarehe mwenyewe, na wewe haupo kujieleza.

Kungoja afike ndo umwambie uso kwa uso nako kuna watu watakushauri, wanasema mambo mazito hayaongelewi kwenye simu. Kwa kawaida ningekubaliana nao. Shida hapa ni kwamba akifika atakuwa ameshaacha kazi, ameshauza gari, ameshakabidhi chumba. Ukweli utamfikia akiwa hana tena pa kuchagua.

Na kuna jambo la mgongo lenye tarehe yake, hili ndo lilinifanya niijibu barua yako haraka. Ohio mtu akiumia kazini ana mwaka mmoja tangu siku ya kuumia kufungua madai ya fidia. Kaumia Desemba, kwahiyo Desemba inayokuja mlango unafungwa. Madai anaweza kufungua mwenyewe au daktari anayemtibu akayafungua, sio lazima asubiri supavaiza, na sheria ya pale inamkataza mwajiri kumfukuza mtu kwa kosa la kudai. Sikudanganyi kwamba itakuwa rahisi, amekaa miezi saba bila kuripoti, kampuni inaweza kusema umeumia nyumbani kwako ukibeba sofa, na hofu yake ya kukatwa saa siwezi kuidharau nikiwa huku nimekaa na chai yangu. Lakini angalau amwone daktari, amwambie aliumia lini na wapi, iandikwe. Kuna pia likizo ya ugonjwa ya wiki 12 isiyolipwa, sheria ya taifa ya mwaka 1993, kwa aliyefanya kazi kwa mwajiri mkubwa angalau miezi 12 na saa 1,250 ndani ya huo mwaka. Haina mshahara ila kazi inabaki yake. Anaweza kuwa anaifahamu, anaweza kuwa hajui, mtu anayelala mchana na kuamka kwenda kazini anasoma saa ngapi makaratasi.

Naliweka hili kwako kwa sababu ya namna kaka yako anavyoona njia zake. Kwake zipo mbili, kurudi Februari kwenye nyumba, au kujikaza. Ya tatu, kutibiwa na kudai haki yake kwanza alafu ndo aamue, haipo kwenye hesabu, na mojawapo ya kitu kinachoifunika ni ile picha. Nyumba ikiwa tayari mtu anaona bora nikapumzike kwangu kuliko kugombana na kampuni. Na hata kurudi kwenyewe kuna namna, mwenye green card akikaa nje zaidi ya mwaka bila kibali anaweza kuipoteza, ni vizuri ajue anakuja kupumzika au anakuja moja kwa moja.

Hapa naomba nichepuke kidogo, maana najua wapo wanaosoma hii na wana ndugu kule. Huwa tunasema mbona haji hata kusalimia. Huku kwetu Sheria ya Ajira ya mwaka 2004 inampa mwajiriwa siku 28 za likizo yenye malipo kwa mwaka, na wiki ya kazi ya kawaida isizidi saa 45. Najua wengi hamzipati hizo siku, vibarua wa magodauni ya Kigoma na Tabora mtanicheka, ila zimeandikwa. Kule, sheria ya taifa haimlazimishi mwajiri kutoa hata siku moja ya likizo yenye malipo. Ikizidi saa 40 kwa wiki wanalipwa mara moja na nusu, sheria yake ni ya mwaka 1938, na ndo maana Desemba hela inakuja nyingi. Kwahiyo mnapoona Desemba ametuma vizuri, mjue ndo mwezi anaoumia zaidi. Kaka yako kaumia Desemba, si ajabu.

Turudi kwako. Ukiamua kusema, namna ya kusema ina uzito. Usimpigie ile saa sita mchana akiwa kwenye gari, ametoka kusimama saa kumi na bado ana barabara ya kuendesha. Subiri siku zake za mapumziko, ameshalala ameshakula. Usianze na mvua wala msiba wa Kasulu, utasikika kama unamtafutia mvua lawama. Anza na ile picha, ndo kitu kizito, mengine yatafuata. Na kabla hujapiga uwe umeshakaa na fundi, bati ngapi zinahitajika, bei ya leo, ufundi kiasi gani, na wewe kwa mwezi unaweza kutoa kiasi gani bila kuua mtaji, hata kama ni laki moja, hata elfu themanini. Usiahidi zaidi ya hapo. Mtu wa kulipwa kwa saa anajua kiasi kidogo kinachokuja kila wiki ni nini.

Atakasirika. Jipange kwa hilo, anaweza akakata simu, anaweza asikupigie mwezi mzima, anaweza kusema maneno kuhusu form four yako ambayo utayakumbuka ukiwa mzee. Anaweza pia kuhamisha usimamizi wa nyumba akampa baba mdogo, na itakuuma, na ana haki. Wasiwasi wangu mwingine ni wa yeye, mtu yuko peke yake ugenini, anaumwa, alafu kile alichokuwa anakiangalia usiku kinaondolewa. Je kuna mtu pale Columbus, Mtanzania, Mkongo, mtu wa msikitini, anayeweza kumgongea mlango siku hiyo? Kama yupo unayemfahamu, mwombe apite kumsalimia tu, bila kumwambia habari. Ukiona ni mzito mno kwako peke yako, kuna watu wanapitia kwa mjomba au rafiki wa kaka wa zamani wa bandarini akatangulia kupoza. Ina faida yake, ila inaweza kumuuma zaidi kwamba mwingine alijua kabla yake. Wewe unamfahamu kaka yako, mimi namfahamu kwa barua moja.

Ukiamua kutosema, sitakuandikia tena nikufokee. Ila hata hivyo tafuta namna ya kumsukuma akamwone daktari kabla ya Desemba, hilo halihitaji ukiri wowote. Mwambie tu mdogo wako amesoma mahali.

Mkeo nenda nae site. Naona kama hajawahi kuiona ile nyumba ya kweli kwa karibu, au aliiona zamani kabla ya majani. Mfyeke pamoja, mkae kwenye kivuli cha ukuta, mwongee hayo ya mkopo mkiwa pale pale, sio kitandani usiku. Na mkimaliza piga picha moja, ya nyumba ya kaka yako kama ilivyo leo, kuta zake na linta yake na mbao zako zilizofunikwa turubai. Mbuzi akiingia kwenye picha mwache. Uwe nayo kwenye simu siku utakayopiga, maana kitu cha kwanza atakachokuomba ni hicho.